SOMO LA WIKI: Tarehe Nayo ni Mtaji, Iandikwe Palipo na Barua

Bei ya dola ikipanda, kila mwenye duka Kariakoo huipata habari kabla ya adhuhuri. Bei ya vitenge ikishuka, Mtaa wa Uhuru mzima hujua siku hiyo hiyo. Lakini tarehe ya mwisho ya kulipa kodi, ya kutoa kontena bandarini au ya kuiva kwa dhamana ya serikali haipigi kelele sokoni. Hupita kimya, na mhusika huikumbuka siku anapoletewa hesabu ya adhabu.

Hasara ya namna hiyo haitokani na ubaya wa soko. Mara nyingi hutokana na barua iliyofika kwa wakati, ikasomwa, ikafungwa na kusahauliwa. Somo la wiki hii linaeleza jinsi mfanyabiashara na mwekezaji mdogo wanavyoweza kuikwepa kwa kutumia kalenda na orodha ya kazi zilizomo ndani ya programu ya barua pepe ya kompyuta, pamoja na programu nyongeza zinazoambatana nayo.

KWA NINI BARUA PEPE?

Ni kweli kwamba maelewano mengi ya biashara siku hizi hufanywa kwa simu na kwa WhatsApp. Hata hivyo, hati zinazobeba fedha bado huja kwa barua pepe: proforma ya kiwanda, hati ya mzigo melini, taarifa ya wakala wa meli, taarifa ya benki na ujumbe wa dalali wa hisa. Karibu kila hati ya aina hiyo ina tarehe ndani yake. Tarehe ikibaki ndani ya barua, na barua ikifunikwa na nyingine hamsini, tarehe hiyo imepotea.

Dawa yake ni kuitoa tarehe ndani ya barua siku ile ile barua inapofika, na kuiweka mahali itakapomkumbusha mwenyewe bila kuombwa.

ZANA YENYEWE

Wazo la kuweka barua, kalenda na kazi chini ya paa moja si jipya. Microsoft ilitoa Outlook 97 mwaka 1997 ikiwa na vyote vitatu, nayo ikaenea maofisini pamoja na Office, ambayo ni ya kununua. Kwa upande wa programu za bure, Thunderbird ya Mozilla ilitoka toleo la kwanza kamili Desemba 2004, lakini ilikuwa ya barua tu. Aliyetaka kalenda alilazimika kuongeza programu nyongeza iliyoitwa Lightning.

Lightning ilipendwa kiasi kwamba kuanzia toleo la 38, mwaka 2015, Thunderbird ilianza kutolewa ikiwa nayo tayari. Ilipofika toleo la 78, mwaka 2020, kalenda ikawa sehemu ya programu yenyewe. Kwa hiyo mwenye duka anayeweka Thunderbird leo anakuta kalenda na orodha ya kazi zinamsubiri, bila gharama. Nyongeza anazozihitaji sasa ni za kazi maalumu, nazo zinaelezwa mbele.

BARUA IGEUZWE KAZI

Chukua mfano wa muuza vitenge anayepokea taarifa kwamba kontena lake litafika Dar es Salaam tarehe 12, na kwamba ana siku kadhaa za bure kabla ya tozo kuanza. Akiisoma na kuifunga, amejiwekea mtego. Badala yake, aibofye barua hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua amri ya kuigeuza. Programu humpa njia mbili: kuifanya tukio la kalenda, au kuifanya kazi ya kutekelezwa.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni muhimu. Tukio ni jambo lenye siku na saa yake, kama kikao na wakala wa forodha. Likipita, limepita. Kazi ni jambo lenye siku ya mwisho, ambalo hubaki kwenye orodha mpaka mwenyewe aweke alama kwamba limekwisha. Kutoa kontena ni kazi. Kulipa kodi ni kazi. Wengi hukosea kwa kuandika kila kitu kama tukio, na matokeo yake ni kalenda iliyojaa mambo ambayo hakuna ajuaye kama yalifanyika.

Katika kazi ya kontena, muuza vitenge aandike siku ya mwisho ya bure, kisha aweke kikumbusho siku 5 kabla. Tuseme tozo ni dola 40 kwa siku na ameachelewa siku 6: ametupa dola 240. Kikumbusho kingemchukua nusu dakika kukiandika.

TAREHE ZISIZOHAMA

Zipo tarehe zinazojirudia, nazo huandikwa mara moja tu kwa kuiamuru programu izirudie kila mwezi au kila mwaka. Kwa mfanyabiashara wa Tanzania Bara, zilizo kuu ni hizi:

Tarehe 7 ya kila mwezi: kodi ya mishahara ya wafanyakazi (PAYE), tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL) kwa mwajiri anayehusika, na kodi ya zuio, vyote kwa mwezi uliopita.

Tarehe 20 ya kila mwezi: ritani na malipo ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya mwezi uliopita, kwa aliyesajiliwa.

Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba: awamu nne za kodi ya mapato, kwa mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba.

Kila mwezi: michango ya NSSF, ambayo hutakiwa ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha.

Kila mwaka: leseni ya biashara, bima ya duka na bohari, na pango la fremu kwa mujibu wa mkataba.

Kikumbusho kisiwekwe siku ya mwisho yenyewe. Siku hiyo foleni ya benki ni ndefu, na mtandao nao unaweza kugoma. Siku 3 kabla ni kiasi cha haki kwa kodi. Kwa pango la miezi sita au mwaka, ambalo huhitaji fedha nyingi kwa mkupuo, mwezi mzima kabla.

Aidha, zipo tarehe ambazo hazifai kurudiwa na mashine. Idd hufuata mwandamo wa mwezi. Mwaka mpya wa Kichina nao huhama kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na viwanda vingi vya huko hufungwa kwa siku nyingi. Anayeagiza mzigo Guangzhou aiandike tarehe hiyo upya kila mwaka, na aweke kazi ya kutuma oda miezi miwili au zaidi kabla yake.

SAA YA KISWAHILI NA SAA YA KOMPYUTA

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu akiambiwa kikao ni saa 4 asubuhi, akaandika 4 katika kalenda, kompyuta itamwita saa 10 alfajiri akiwa usingizini. Saa 4 asubuhi huandikwa 10:00, na saa 9 alasiri huandikwa 15:00. Kijana wa dukani anayeandika miadi kwa niaba ya tajiri afundishwe jambo hili kabla ya mengine yote.

Hali kadhalika, ihakikishwe kwamba kompyuta imewekwa kwenye majira ya Dar es Salaam. Guangzhou iko mbele kwa saa 5, na Dubai kwa saa 1. Muuzaji wa Guangzhou akituma mwaliko wa mazungumzo ya 15:00 kwa saa za kwao, kalenda iliyopangwa vizuri itaonyesha 10:00, yaani saa 4 asubuhi ya Kariakoo. Hilo linawezekana kwa sababu programu nyingi za kalenda hufuata kanuni moja ya kuandika miadi, iliyotangazwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009. Mafaili yake huishia na herufi ics, na ndiyo maana mwaliko uliotoka Outlook hufunguka ndani ya Thunderbird.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Mwenye dhamana za serikali au hisa anahitaji kalenda yake ya pekee, yenye rangi yake, isichanganywe na ya duka. Hatifungani za serikali hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Siku ya kila malipo iandikwe kama kazi ya kuhakiki kwamba fedha zimeingia benki, na isifungwe mpaka zionekane kwenye taarifa ya akaunti.

Dhamana ya muda mfupi ya siku 364 ikiiva bila mwenyewe kujiandaa, fedha hukaa tu zikisubiri mnada mwingine. Benki Kuu hutangaza ratiba ya minada mapema, kwa hiyo kikumbusho cha wiki mbili kabla ya kuiva kinatosha kumpa mtu nafasi ya kuamua.

Kwa wenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo 15 Aprili 1998, tarehe ya kuangaliwa ni ya kufungwa kwa daftari la wanahisa kabla ya gawio. Hisa zinazonunuliwa leo haziingii daftarini leo. Uhamisho huchukua siku kadhaa za kazi. Anayenunua siku ya mwisho anaweza kulikosa gawio alilolifuata. Amuulize dalali idadi ya siku, kisha aandike kikumbusho kwa kuhesabu kurudi nyuma.

NYONGEZA ZA KUCHAGUA, NA ZA KUOGOPA

Programu nyongeza huongeza uwezo ambao programu kuu haina. Kwa Thunderbird, Send Later humwezesha mtu kuandika barua usiku na kuiacha iende asubuhi muuzaji anapofungua ofisi. Provider for Google Calendar huunganisha kalenda ya kompyuta na ya simu kwa anayetumia huduma ya Google. ImportExportTools NG husaidia kutoa nakala za barua kwa ajili ya kuzihifadhi. Mwenye duka dogo hahitaji zaidi ya hizo.

Nyongeza nyingi si neema. Toleo la 78 lilipotoka mwaka 2020, nyongeza za zamani ambazo watengenezaji wake hawakuziandika upya ziliacha kufanya kazi, na waliozitegemea wakabaki mikono mitupu. Programu kamili nazo hufa: Mail na Calendar zilizokuja na Windows zilifikia mwisho wa huduma 31 Desemba 2024. Outlook mpya ya Windows nayo haipokei nyongeza za mtindo wa zamani wa COM zilizokuwa zikitumika katika Outlook ya awali. Kwa hiyo kabla ya kukubali toleo jipya, mtu ahakikishe kwamba nyongeza anayoitegemea imetolewa kwa toleo hilo. Tarehe za kodi na madeni zikae katika kalenda ya msingi, si ndani ya nyongeza.

Jambo la pili ni usalama. Baadhi ya nyongeza hupewa ruhusa ya kusoma barua zote, zikiwemo zenye akaunti za benki. Zichukuliwe katika ukurasa rasmi wa programu tu, wala si kwa kiungo kilichotumwa na mtu asiyejulikana.

MTANDAO UKIKATIKA, DUKA LIKIUNGUA

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Aliyekuwa akifungua barua kwa kivinjari pekee alitaabika kuzifikia. Mwenye barua na kalenda zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta yake aliweza kusoma proforma na kuona madeni ya wiki.

Lakini kompyuta nayo ina udhaifu wake. Kikumbusho hakilii kama programu imefungwa au umeme umekatika. Kwa sababu hiyo, programu ifunguliwe kila asubuhi kabla ya duka, na orodha ya kazi za wiki ichapwe kwenye karatasi kila Jumatatu na kubandikwa karibu na meza ya fedha.

Usiku wa 10 Julai 2021, moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo. Mwenye kumbukumbu mahali pamoja tu hana kumbukumbu siku ya moto. Kila Jumamosi kalenda itolewe kama faili la ics, iwekwe kwenye flashi, na flashi hiyo ilale nyumbani.

HATUA YA KUANZIA

Anayetaka kuanza asijaribu yote kwa siku moja. Wiki ya kwanza aandike tarehe 7 na tarehe 20 pekee. Wiki ya pili aongeze pango, leseni na bima. Wiki ya tatu aanze kugeuza kila barua ya mzigo kuwa kazi. Mwezi ukiisha, ahesabu adhabu alizolipa mwaka uliopita kwa kusahau tu, kisha aziweke kando ya faida ya mwezi mmoja wa duka. Hesabu hiyo itamweleza kama tarehe zinastahili kupewa nafasi katika vitabu vyake.