Chanjo ikiwa haitoshi, nani atangulie?

NAOMBA leo tuzungumzie jambo ambalo mwaka 2021 wengi tulilijadili kwa jazba, kisha tukaliacha pale korona ilipopoa. Jambo lenyewe ni hili: maradhi yameenea dunia nzima, chanjo imepatikana, lakini haiwatoshi watu wote. Je, nani aanze kuchanjwa? Na kwa hoja gani mtu mmoja aambiwe pita, mwingine aambiwe subiri?

Nalileta sasa kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza Mei 2023 kuwa korona si dharura ya kimataifa tena. Hilo halina maana kwamba maradhi ya aina hiyo hayatarudi. Na foleni hupangwa vizuri kabla watu hawajafika dirishani. Wakishafika, kila mmoja huona haki iko upande wake.

Ukiwauliza watu barazani, utapata majibu ya haraka haraka. Huyu atasema waanze wazee. Yule atasema waanze madaktari. Wa tatu atasema waanze vijana, maana ndio wanaozunguka mjini na kuyasambaza maradhi. Wote wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake. Kabla ya kuuliza nani aanze, ni lazima tuulize: tunataka kuzuia nini kwanza? Vifo? Maambukizi? Au tunataka hospitali zisifungwe kwa kukosa watu wa kuhudumia?

Hebu tutazame nchi mbili. Uingereza ilianza kuchanja Desemba 8, 2020, na wa kwanza alikuwa bibi wa miaka 90. Orodha yao iliwaweka mbele wakazi wa nyumba za kulelea wazee na wanaowahudumia, kisha wenye miaka 80 na kuendelea pamoja na wahudumu wa afya, halafu wakashuka kwa umri. Lengo lao kubwa lilikuwa kupunguza vifo, na korona iliua zaidi kadiri umri unavyopanda.

Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi, ilianza Januari 13, 2021 na ikapita njia nyingine. Baada ya wahudumu wa afya iliwapa nafasi watumishi wa umma na watu wenye umri wa kufanya kazi. Sababu mojawapo ni kuwa chanjo ya Sinovac waliyokuwa nayo ilikuwa imejaribiwa kwao kwa watu wa miaka 18 hadi 59. Sababu nyingine ni kwamba walitaka kuwakinga wale wanaotoka kila siku kwenda kazini, ili maambukizi yapungue na uchumi usimame. Mwezi uliofuata waliruhusu chanjo hiyo kwa wazee pia.

Nani alipatia? Kwa maoni yangu, kwa maradhi yale, hoja ya kuanza na wazee ilikuwa na uzito zaidi. Wakati ule majaribio yalikuwa yameonyesha kwamba chanjo inamkinga mtu asiugue sana. Kwamba inamzuia asiwaambukize wengine, hilo lilikuwa bado halijathibitishwa. Anayempa mzee anaipeleka dozi penye faida inayojulikana. Anayempa kijana ili kumkinga mzee anaipeleka penye faida inayotarajiwa. Vitu vikiwa vichache, cha hakika hutangulia kinachotarajiwa.

Lakini tusije tukafanya umri kuwa kanuni ya milele. Mwaka 2009 dunia ilipata homa ya mafua iliyoitwa mafua ya nguruwe. Wazee wengi walikuwa na kinga kidogo, kwa kuwa walishapambana ujanani na virusi vinavyofanana nayo. Walioumia zaidi ni vijana, watoto na wajawazito. Hivyo Marekani iliwaweka mbele wajawazito, wanaolea watoto wachanga, wahudumu wa afya, watoto na vijana hadi miaka 24, na watu wazima wenye maradhi ya kudumu. Mzee mwenye afya njema aliambiwa asubiri. Hakudhulumiwa.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2018 hadi 2020 ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, huko Congo, walipigwa na Ebola iliyoua zaidi ya watu 2,200. Pale foleni haikupangwa kwa umri. Mgonjwa alipopatikana, walichanjwa waliomgusa na kumuuguza, kisha waliokutana na hao, pamoja na wahudumu wa afya. Chanjo ilimzunguka mgonjwa kama uzio. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa.

Kwa hiyo ni maradhi matatu na orodha tatu, lakini kanuni ni moja: tazama maradhi yanaua nani, yanapita wapi, na chanjo uliyonayo inaweza kufanya nini. Anayekuja na orodha kabla ya kujibu maswali hayo ameanza na watu wake, halafu anatafuta sababu.

Wahudumu wa afya wametajwa katika kila orodha, na ni haki. Wanakutana na maradhi kila siku. Wakianguka wao, mgonjwa hana wa kumshika mkono. Tena tumewatuma sisi wenyewe mahali tunapopakimbia, basi tuna deni kwao. Ila tuulize, mhudumu wa afya ni nani? Mama anayefagia wodi na kubeba mashuka ya wagonjwa yuko karibu na hatari kuliko mkurugenzi aliye ofisini ghorofa ya tatu. Na katika maradhi kama Ebola, ambayo maiti nayo huambukiza, anayeosha maiti yuko mstari wa mbele hata kama hana cheti cha chuo chochote. Tukipanga kwa vyeo vya kazi, mama yule atasahauliwa. Tukipanga kwa hatari, atakuwa wa kwanza.

Hapa nataka tuzungumze wenyewe kwa wenyewe, Waislamu. Machi 2021 Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni moja, ikaanza na wahudumu wa afya, walimu na askari. Mwezi huo huo ikawaongeza wenye miaka 58 na kuendelea. Muislamu anaweza kuuliza: kama mwalimu wa shule ametajwa, mbona ustadhi wa madrasa hakutajwa? Naliona ni swali la haki. Kama sababu ya kumtanguliza mwalimu ni kukaa chumba kimoja na watoto wengi, basi sababu hiyo hiyo inamhusu ustadhi. Aingie kwa hoja hiyo, na mwalimu wa Sunday School wa jirani zetu Wakristo naye aingie.

Lakini kama tunadai imamu atangulie kwa sababu tu ni imamu, hapo sikubaliani. Imamu wa miaka 30 mwenye afya yake akae nyuma ya bibi wa miaka 70 mwenye presha anayeuza vitumbua sokoni. Heshima ya imamu haipungui. Sisi tumefundishwa kwamba zaka ina wanaostahiki wake, na mtu hapewi kwa kuwa anakaa safu ya mbele. Msingi huo tunaukubali katika fedha. Tukiukataa katika uhai, tutakuwa tumefanya jambo la ajabu.

Na Hija je? Mwaka 2021 Saudi Arabia iliruhusu mahujaji 60,000 tu, wote kutoka ndani ya nchi hiyo, wenye miaka 18 hadi 65 na waliochanjwa. Mwaka 2022 iliruhusu milioni moja, wawe wamechanjwa na wasiofika miaka 65. Mtu aliyeweka akiba miaka 20 akiambiwa hendi bila chanjo, maumivu yake tunayajua. Hata hivyo, Hija ni kwa mwenye uwezo, na aliyezibiwa njia ana udhuru. Mgonjwa wa sukari hana udhuru wa kumpa korona ili imwache. Haja ya hujaji ni ya kweli, ila ije baada ya wanaoogopewa kufa.

Sasa wakubwa. Februari 2021 nchini Peru iligundulika kuwa watu 487, akiwemo rais wa zamani Martín Vizcarra, walichanjwa kwa siri kabla ya wananchi. Mwezi huo huo waziri wa afya wa Argentina, Ginés González García, alijiuzulu baada ya kujulikana kwamba watu wenye mahusiano walipitishwa mlango wa nyuma. Wapo watakaosema mbona marais wengine nao walichanjwa mwanzo. Ni kweli. Joko Widodo alikuwa wa kwanza Indonesia, na Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Julai 28, 2021 alipozindua chanjo Tanzania. Tofauti ni kwamba hawa walichanjwa mbele ya kamera, kwa sababu inayotajwa: kuwaondolea watu hofu. Kipimo changu ni hiki. Sababu ya kumtanguliza mtu iwe inaweza kusomwa kwa sauti mbele ya wanaosubiri. Ikiwa haiwezi kusomwa, basi huo ni wizi wa zamu.

Tanzania ilipozindua chanjo ilikuwa na dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, ambayo mtu huchanjwa mara moja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Yaani dozi zile hazikuwatosha hata watu wawili katika kila 100. Waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi ya kudumu. Orodha ile ilikuwa nzuri. Lakini orodha ni karatasi. Bibi aliyelala ndani hawezi kupanda daladala mbili kufuata sindano hospitali ya wilaya, na kijana mwenye pikipiki atafika kabla yake hata kama hayumo kwenye orodha.

Ipo pia foleni kubwa kuliko hizi, nayo ni ya mataifa. Januari 18, 2021 mkuu wa WHO, Dk. Tedros, alisema dozi zaidi ya milioni 39 zilikuwa zimetolewa katika nchi 49 zenye kipato kikubwa, wakati nchi moja tu katika zile maskini kabisa ilikuwa imetoa dozi, nazo ni 25. Ishirini na tano, si elfu wala milioni. Matokeo yake, katika mwaka ule vijana wenye afya njema wa nchi tajiri walichanjwa huku wauguzi wa nchi maskini wakihudumia wagonjwa bila kinga. Tukilaani hilo, na tulilaani, basi tusilifanye mtaani kwetu kwa kipimo kidogo.

Nini kifanyike? Kwanza, orodha iandaliwe kabla, pamoja na sababu zake, kwa Kiswahili chepesi. Ibandikwe ofisi ya kata, msikitini na kanisani. Pili, kila msikiti uwajue wazee na wagonjwa wake wa majumbani, nani ana sukari, nani ana presha, nani hawezi kutembea, na uwe na vijana wa kuwafikisha kituoni au kumleta muuguzi nyumbani. Hilo halisubiri serikali. Tatu, pale ambapo watu wana hatari sawa na dozi haziwatoshi, ipigwe kura. Kura ni jambo tunalolijua katika dini yetu, nayo haimjui tajiri wala mjomba wa mtu.

Ndugu msomaji, kazi ya kuwajua wazee wa msikiti wako inaweza kuanza Ijumaa hii. Daftari moja na kalamu vinatosha.