Makohozi yamepimwa mara mbili, kikohozi hakiishi

SWALI: Daktari, baba wa watoto wangu anakohoa, sasa ni zaidi ya mwezi. Usiku analowa jasho, na suruali zinamvuka kiunoni. Amepimwa makohozi mara mbili, wakasema hana kifua kikuu, akapewa antibiotiki. Amezimaliza, hajapona. Kipimo kinaweza kukosea?
Mama wa watoto wanne, Kibati, karibu na Goma (Kongo)

JIBU: Ndiyo mama, kinaweza. Tafadhali mrudishe kituoni wiki hii hii.

Kwa darubini, fundi wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo, huyatia rangi, kisha hutafuta bakteria kwa macho yake. Ili awaone, mililita moja ya makohozi inatakiwa iwe na bakteria 5,000 hadi 10,000 hivi. Mwenye wachache kuliko hao anaandikiwa kuwa hana, na ugonjwa anao. Hilo huwapata sana watoto na watu wanaoishi na VVU.

Na wanaopitwa si wachache. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamekuwa wakitumia panya buku tangu 2007 kunusa makohozi ambayo vituo vimeshapima. Kwanza makohozi hupashwa moto ili vimelea vife. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika kama 20, na zile anazozishuku hupimwa upya maabara. Vituo vilivyoshirikiana nao vilipata wagonjwa karibu asilimia 40 zaidi. Watu hao wote walikuwa wameshaambiwa hawana kitu!

Kwetu hatuna panya hao, lakini mashine ya GeneXpert ipo nchini, na Shirika la Afya Duniani (OMS) linaipendekeza tangu 2010. Yenyewe hutafuta vinasaba vya bakteria, kwa hiyo hunasa hata walio wachache sana. Jibu hutoka ndani ya saa mbili hivi, na huonyesha pia kama bakteria wamekuwa sugu kwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Mwambie muuguzi waziwazi: "Tunaomba GeneXpert." Kama mashine haipo kituoni, uliza chupa ya makohozi inapelekwa wapi na jibu litarudi siku gani.

Chupa yenyewe ina mambo yake. Mara nyingi naona imejaa mate, meupe, mepesi kama maji, na hapo hata mashine nzuri haina cha kupima. Asubuhi, kabla hajala, asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Tunachotaka ni kile kizito. Akoholee nje, penye upepo, mbali na watoto.

GeneXpert nayo ikisema hana, na bado anakonda, apigwe picha ya kifua; daktari anaweza kuamua kumtibu kwa dalili zake. Apimwe na VVU. Dawa za kifua kikuu hazilipiwi, na kwa kawaida hunywewa miezi 6.

Watoto nao wapelekwe, mdogo awe wa kwanza. Kibati, ambako familia nyingi zilizokimbia vita zimewahi kulala zikibanana chini ya maturubai, kikohozi cha mtu mzima hakibaki kwake peke yake. Mtoto asiyejua kutema makohozi, kinyesi chake kinaweza kupimwa kwa GeneXpert hiyo hiyo.