SOMO LETU: KUVUTA SI KUSIMAMISHA



Katika mashamba mengi siku hizi pikipiki ya magurudumu manne inafanya kazi iliyokuwa ya trekta. Inavuta maji ya kunyunyizia dawa, mbolea na miche. Ni nyepesi na inapita penye matope. Basi tunaambiwa, "Funga trela, itavuta tu." Kweli itavuta. Swali letu ni lingine: je, itasimama?

Tupime mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mapipa manne ya lita 200 ni kilo 800, bila kuhesabu mapipa wala trela. Pikipiki yenyewe mara nyingi ina kilo 300 hivi. Tena matrela mengi ya aina hii hayana breki. Breki za mashine ndogo zinatakiwa kusimamisha mzigo unaoizidi zaidi ya mara mbili.

Sasa tuteremke. Njia ikishuka mita 1 katika kila mita 10, mzigo wa kilo 800 unasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80, hata kabla dereva hajagusa breki. Akifunga breki ghafula penye kona au nyasi mbichi, trela linasukuma mkia wa pikipiki upande, na mashine inaweza kumpindukia dereva. Mwendo nao ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huwa kama mara nne.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Tusome kibao au kitabu cha mashine kuona uzito unaoruhusiwa kuvutwa. Penye mlima au utelezi tupunguze zaidi.

2. Mzigo ukae chini, ufungwe, na uelemee mbele kidogo ya ekseli ya trela. Ukielemea nyuma, unainua mkia wa pikipiki na magurudumu hayashiki ardhi.

3. Tufunge trela mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Tukifunga juu, kwenye kichanja cha mizigo, mashine inaweza kupinduka kinyumenyume. Pini iwe na kifungo chake, na mnyororo wa usalama uwepo.

4. Tangi la maji lililojaa nusu huyumba. Kwenye kona twende polepole.

5. Tuingie gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Tusiteremke bila gia.

6. Mtu asipande juu ya trela wala asisimame kati ya trela na mashine inaporudi nyuma. Kabla ya kufungua trela, tuweke kabari kwenye magurudumu.

7. Dereva awe amefundishwa, na avae kofia ngumu.

Nyapara akisema, "Ongeza pipa moja, jua linakuchwa," tufanyeje? Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo. Kifungu cha 8 kinampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, ikiwa ana sababu ya haki ya kuiamini, na amwarifu msimamizi wake mara moja. Asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Mkataba huzifunga nchi zilizouridhia, kwa hiyo kila tawi liulize kama nchi yake imo, na sheria yake inasemaje. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007.

Mmoja akikataa peke yake ataitwa mvivu. Tawi likikubaliana mapema na mwajiri juu ya idadi ya mapipa kwa kila njia, hakuna dereva atakayebishana na nyapara mlimani.

Maswali ya kujadili tawini:
- Trela letu likijaa lina kilo ngapi? Lina breki?
- Ni mteremko upi shambani kwetu unaotutisha?
- Nani atapeleka jambo hili kwa mwajiri, na lini?

Umoja ni nguvu. Turudi nyumbani sote wazima.