SIKU MOJA HIROSHIMA

Wageni wengi wafikao Japani huenda kwanza Tokyo. Lakini mtu wa Likasi, hata akiwa na siku chache tu, asirudi kwao bila kuona Hiroshima. Treni ya mbio yamfikisha huko kutoka Tokyo kwa muda wa saa nne hivi.

Hiroshima ni mji wa watu zaidi ya milioni moja. Umejengwa pahali mto Ota unapogawanyika kabla ya kuingia baharini, kwa hiyo madaraja yake ni mengi. Mgeni apanda tramu, ndilo gari la umeme lipitalo juu ya reli katikati ya njia, naye ashuka karibu na nyumba moja iliyobomoka. Paa lake la mviringo limebaki vyuma vitupu. Wenyeji hawakuijenga upya, wala hawakuiondoa.

Tarehe 6 Agosti 1945, sikukuu ya Bwana Yesu kugeuka sura, saa 2 na robo ya asubuhi, ndege ya Waamerika ilitupa bomu moja. Likapasuka hewani, karibu juu ya nyumba ile. Mpaka mwisho wa mwaka watu kama 140,000 walikuwa wamekufa, wengine kwa moto, wengine kwa ugonjwa ambao waganga hawakuwa wameuona bado. Huko Likasi, iliyoitwa Jadotville siku zile, ilikuwa usiku, na watu wamelala.

Bomu hilo lilifanywa kwa urani, na sehemu kubwa ya urani yenyewe ilitoka Shinkolobwe, kilometa kama 20 kutoka Likasi. Wafanyakazi wa Union Minière waliyachimba mawe yale, wakayachagua kwa mikono. Reli ikayapeleka baharini, na meli zikayavusha mpaka Amerika; mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 zilifika New York. Wachimbaji hawakuambiwa ni ya kazi gani. Walichojua ni uzito wake.

Ndiyo sababu mtu wa Likasi aingiapo katika nyumba ya ukumbusho hatembei upesi. Hapo pana saa iliyosimama kwenye 8:15. Pana chombo cha chakula cha mtoto wa masomo, na chakula chenyewe kimegeuka makaa. Pana kibaisikeli cha mtoto mdogo: baba yake alikizika pamoja naye, akakifukua baada ya miaka 40.

Nje, watoto wana sanamu yao, iliyosimamishwa mwaka 1958. Sadako Sasaki alikuwa na miaka 2 bomu lilipoanguka, wala hakuumia. Miaka ilipita, ugonjwa wa damu ukamshika. Kitandani alikunja karatasi, akafanya ndege korongo, akitumaini kupona. Alikufa mwaka 1955, mwenye miaka 12. Mpaka leo watoto wa nchi nyingi hupeleka korongo za karatasi pale.

Kama saa zabaki, mgeni aende kusali katika kanisa kubwa la Bikira Maria. Padri Hugo Lassalle, Myezuiti Mjerumani, aliumizwa na bomu, akapona, akaomba msaada pande zote ili kanisa hilo lijengwe. Lilifunguliwa mwaka 1954. Wengine huvuka kwenda kisiwa cha Miyajima kuona paa wasioogopa watu. Ni pazuri, lakini siku moja haitoshi kwa yote.

Jioni mgeni arudi penye moto uliowashwa mwaka 1964. Hapo karibu Papa Fransisko alisali usiku wa tarehe 24 Novemba 2019. Wenyeji wameahidi kuuzima siku ile mabomu ya namna hiyo yatakapokwisha duniani. Ungali unawaka.

Maulizo
1. Kwa nini mtu wa Likasi hatembei upesi katika nyumba ya ukumbusho?
2. Padri Lassalle alifanya nini alipopona?
3. Uliza wazee wa kwenu: nani alifanya kazi Shinkolobwe?