Mafunzo Niliyopata kwa Mukayau

Kusini mwa Kitui, kuanzia Mutomo kuteremka hadi Ikutha, na ng'ambo ya Mto Athi upande wa Kibwezi, mukayau hujiotea wenyewe. Waswahili huuita mswaki, wataalamu Salvadora persica. Mimi nafuga mbuzi, na mti huu umenifundisha haya.

1. Chumvi haiutishi. Visima vingi vilivyochimbwa kwetu hutoa maji ya chumvi, na miche ya mboga ikinyweshwa maji hayo huungua majani. Mukayau Septemba uko kijani, mvua za Novemba zikiwa bado. Ndio huohuo unaoota Pwani, nyuma ya mikoko.

2. Kiangazi kikikaza, majani yake mazito yenye maji na chumvi ndiyo malisho yanayobaki. Wafugaji wa ngamia wanaoingia kutoka Tana River wanalijua hilo kutushinda. Ila maziwa hubeba ladha yake. Mgeni akipewa chai hukunja uso. Bora chai hiyo kuliko ya rangi.

3. Mzizi una soko, na hatari iko hapo. Ramadhani ikikaribia, wanunuzi wa Eastleigh na Mombasa huutafuta, na hata Shirika la Afya Duniani liliupendekeza kwa usafi wa meno miaka ya 1980. Mchimbaji mwenye pupa hung'oa kisiki kizima. Mzee mmoja wa Ikutha alinionyesha namna: chimba upande mmoja tu, kata mizizi ya pembeni, fukia, kisha uache mti upumzike misimu kadhaa. Matawi nayo yanafaa kupigia mswaki, na yakikatwa huchipuka. Shida ni mteja asiyetaka ila mzizi.

4. Nyama ya tunda huzuia mbegu kuota, lazima iondolewe. Matunda ni matamu yenye ukali wa haradali, watoto huyapenda, kwa hiyo kitalu changu kinategemea midomo yao.

5. Tuulize tulicho nacho kabla ya kuagiza. Baringo walipandiwa mathenge, mti wa kigeni, miaka ya 1980, ilhali mswaki wa asili ulikuwapo. Mwaka 2006 wakazi walipeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi, waonyeshe maganda ya mathenge yalivyomharibu meno. Kila mradi wa miche unapokuja, mimi huwauliza maafisa kama mukayau umo. Nao huniuliza una mbao gani.