Trekta Inayokunywa Maji: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kulipa

Ndugu wanachama,

Darasa letu la mara hii si la kuchuma wala la kuanika. Ni la trekta, na sababu yake mwaijua. Fedha mlizoziweka kidogo kidogo, pishi kwa pishi, tulikuwa nazo tulipovuka bahari kwenda kutazama trekta kuukuu huko bara, Wilaya ya Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe. Tumerudi na fedha zenu nzima, na trekta hatukuja nayo. Baadhi yenu wameuliza kwa nini. Jawabu yake ndiyo darasa lenyewe.

Trekta ile ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, yenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu. Ni mashine ngumu, na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Tulishuka Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, tukaendelea mpaka shambani. Mwenyewe, mzee mkulima wa mahindi na alizeti, alitukaribisha vizuri wala hakutuficha. "Wanangu," alisema, "trekta hii inakunywa maji kidogo. Ni milima hii tu. Huko kwenu pwani haitakunywa."

Neno hilo lina ukweli ndani yake, na kwa hivyo ni la khatari. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Makambako, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,600 hivi, huchemka karibu na nyuzi 95. Lakini rejeta ina mfuniko wenye springi unaobana maji yasichemke upesi. Trekta nyingi za zamani mfuniko wake ni wa ratili 7 kwa inchi mraba, na kwa mbano huo hata mlimani maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 105. Basi mlima peke yake haunywi maji. Kinachokunywa ni kimoja katika vitatu: tundu la nje, mfuniko mbovu, ama ufa wa ndani. Kazi yetu ni kujua ni kipi, na twaanza na kilicho rahisi.

Kwanza, usalama. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto; maji yatakurukia usoni. Wala usimwagie maji baridi injini iliyochemka, kwani chuma cha moto hupasuka kikipozwa ghafula. Zima, subiri ipoe, ndipo ufungue.

Tundu la nje. Litafute injini ikiwa baridi, kwa sababu tone likianguka juu ya chuma cha moto hukauka usilione. Jaza maji, weka alama, tandika gunia safi chini ya trekta usiku kucha. Asubuhi tazama mipira ya rejeta na klempu zake, bomba la kumwagia maji chini ya rejeta, na kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji. Kitundu hicho kikitoa maji, sili ya pampu imekwisha, usikizibe. Tazama pia vile vifuniko vya chuma vya mviringo ubavuni mwa injini, ambavyo huliwa na kutu. Penye kovu jeupe ama jekundu, maji yamepita hapo. Sisi tuliona klempu moja iliyolegea, tukaikaza. Maji yakapungua vile vile.

Mfuniko. Tazama mpira wake: ukiwa mgumu na umepasuka, haubani tena, na maji hutoka kwa kibomba cha pembeni trekta ikiwa kazini. Wa mzee yule ulikuwa hivyo. Tulinunua mpya Makambako, wenye namba ile ile. Usitie wenye namba kubwa kwa kudhani utabana zaidi. Utapasua rejeta kuukuu. Tulifurahi, tukalima saa mbili, trekta haikuchemka. Lakini ilipopoa tulipima, na maji yalikuwa yamepungua, nje pakavu.

Ufa wa ndani. Hapa ndipo fedha za watu hupotea. Dalili zake ni nne. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto. Mapovu mfululizo katika rejeta, injini ikiwashwa baridi na mfuniko ukiwa wazi. Oili iliyopanda katika kijiti chake bila ya kuongezwa. Na oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa. Walakini utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili si ushahidi peke yake. Penye baridi, unyevu wa hewa huweza kuufanya.

Jaribio lisilo na shaka ni hili. Acha trekta ilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuiwasha, weka chombo chini na ulegeze pole pole bolti ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini. Yakiwamo, yatatangulia kutoka. Tulifanya hivyo kabla jua halijapanda. Ilitoka bilauri nzima ya maji, kisha ndipo oili. Mzee aliitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Basi sikuwa nikijua." Nasi twamwamini.

Alitupunguzia bei, na punguzo lilitamanisha. Tulikataa, kwa sababu maji ndani ya oili huweza kuwa ni gasketi tu, na hiyo ni kazi ndogo. Ama ni ufa wa silinda hedi au wa bloki, na hapo mwaweza kununua injini nyingine. Hakuna ajuaye mpaka hedi ifunguliwe na ipimwe na fundi. Tumepatana naye afungue. Ikiwa ni gasketi, tutaleta shauri mbele yenu mkutanoni. Mali ni yenu, uamuzi ni wenu.

Kwa wenye trekta tayari, twaongeza matatu. Msitie maji ya visima vya karibu na pwani. Chumvi yake hula chuma. Tieni maji ya mvua yaliyochujwa, pamoja na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu. Msizibe tundu kwa unga wala bizari. Huziba na njia za maji. Na msiondoe termostati mkidhani mwaisaidia injini.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini tundu hutafutwa injini ikiwa baridi?
2. Trekta haichemki, nje pakavu, maji yapungua. Utatazama wapi?
3. Kwa nini bolti ya oili hulegezwa kabla ya kuwasha?

Atakayeshindwa na aulize mkutanoni. Kuuliza si aibu. Msimu ukija, magunia hayatangoji.

Wassalaam,
Katibu