Masika yamekwisha, bustani je?

Kama unasoma pwani, Tanga au Morogoro, unajua masika huishia mwezi Mei. Juni ikifika udongo huanza kukauka, na nyanya mlizopanda pamoja shuleni zimebaki vijiti. Wengi husema kazi imekwisha. Hapana! Mboga mtakazokula miezi ya kiangazi zinategemea mnachofanya sasa.

Kwa nini ujali? Mboga za majani zina madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Msichana hupoteza chuma kila anapopata hedhi, hivyo anakihitaji zaidi. Damu ikipungua unachoka, unasinzia darasani, halafu unaitwa mvivu!

Haya, shikeni majembe:

1. Ng'oeni mimea iliyokwisha. Yenye ugonjwa ichomeni. Mingine itieni kwenye shimo la mboji.

2. Badilisheni mazao. Palipokuwa na nyanya msipande bilinganya wala pilipili. Hizo ni ndugu, huambukizana magonjwa. Pandeni kunde: majani mnakula, na mizizi inarutubisha udongo.

3. Wekeni samadi iliyooza vizuri, isiyonuka wala kutoa joto. Samadi mbichi inaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

4. Sieni mchicha. Baada ya wiki tatu hadi nne mnaanza kuvuna.

5. Miche ikishainuka, tandazeni nyasi kavu katikati ya mistari ili maji yasikauke upesi.

Na viatu mvae! Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu, kisha hunyonya damu ileile unayotaka kuiongeza.

Sasa swali gumu: shule ikifungwa, nani atamwagilia? Hapo ndipo bustani ya pamoja hufa, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake yupo. Kwa wanaoishi karibu, andikeni zamu kabla ya likizo: jina, siku na ndoo ngapi. Na ninyi wavulana, tusidanganyane. Kuchota maji si kazi ya wasichana peke yao. Mbona kula tunakula wote?

Siku ya kuvuna, osheni mboga kabla ya kuzikata, msizipike mno, na mezani kamulieni ndimu. Vitamini C husaidia mwili kupata chuma. Chai isubiri kidogo, maana inazuia.

Swali la kujadili darasani: Orodha yenu ya zamu ina majina ya nani, na nani hayumo?